AudioMoth, kinasa sauti cha porini: maoni yangu baada ya misimu miwili ya mvua

Mimi ni mtu wa kwaya. Nina studio ndogo Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, chumba kimoja chenye magodoro ukutani na feni ninayoizima kila watu wakianza kuimba. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wa besi wasogee nyuma na watu wa soprano wasiimbe kwa pua. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma alipokuja na flashi mkononi akaniuliza, "Kaka, unasafisha sauti?", nilijua ni harusi. Nikachomeka. Ndani mlikuwa na saa nzima ya upepo, nyenje, mbuzi wa watu, na huko nyuma kabisa ndege mmoja akilia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba.

"Huyo," akasema. "Waondoe wengine wote, uniachie huyo."

Huyo alikuwa dudumizi, na wengine wote walinishinda kuwaondoa. Sikumdai hela. Tangu siku hiyo nimo kwenye kazi hii ya kurekodi ndege.

Sasa tuko saba: kijana huyo, ambaye keshahitimu, mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja ya Kondoa, mfugaji nyuki wa Itigi, mama mmoja mwenye shamba la zabibu Hombolo, fundi simu jirani yangu, mimi, na Mzee, askari wa wanyamapori mstaafu anayeishi pembezoni mwa Manyoni, ambaye jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe amekataa. Vinasa sauti tunavyo vinne, vyote AudioMoth. Vijana wa vyuo wanaofanya tafiti za ndege na popo wananipigia kuuliza kama vinafaa, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Kwa umbo kinakatisha tamaa. Ni kibao cha saketi cha milimita 58 kwa 48, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye betri tatu za AA mgongoni, tundu la memori kadi ndogo, swichi ya hatua tatu, na vitaa viwili, chekundu na cha kijani. Kioo hakina. Kitufe cha kurekodi hakina. Maiki yake huioni mpaka uonyeshwe, ni kitobo tu. Mimi niliyenunua maiki ya studio kwa mkopo wa VICOBA nilipokishika mara ya kwanza nilicheka.

Waliokibuni ni watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, Uingereza, na makala yao ya kukieleza ilitoka mwaka 2018. Kabla yake, kinasa sauti cha kuachwa porini kilikuwa kitu cha mamia ya dola. Hiki bei yake ni sehemu ndogo ya hiyo, na michoro yake yote iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Hilo la michoro nililiona halina maana mpaka siku kifaa kimoja kilipoanguka kutoka mtini na vibati vya betri vikang'oka. Fundi simu wetu alifungua mchoro kwenye simu yake, akatazama dakika kumi, akang'oa vibati kwenye rimoti mbovu ya king'amuzi, akachomelea. Kinapiga kazi hadi leo.

Kuna jambo moja linalonichekesha kila nikilikumbuka. Mojawapo ya kazi za mwanzo za kifaa hiki ilikuwa kumtafuta nyenje mmoja wa msitu wa New Forest, kusini mwa Uingereza, ambaye watu wa huko wanahofia amekwisha kupotea. Nyenje! Waje Hombolo mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana. Kadi yangu nzima ni nyenje. Wenzetu wanamtafuta mmoja, sisi tunatafuta pa kuwaficha.

Tuje kwenye matumizi. Unakichomeka kwenye kompyuta, unafungua programu yake ya bure, unachagua kirekodi saa ngapi hadi saa ngapi na kwa kiwango gani, basi. Viwango, yaani ni mara elfu ngapi kwa sekunde kifaa kinapima sauti, vinaanzia kilohezi 8 hadi 384. Kanuni ni kwamba unapata nusu ya namba unayochagua, kwa hiyo kilohezi 48 inakupa sauti zote hadi 24, yaani zaidi ya sikio la binadamu, na kwa ndege inatosha kabisa. Anayetaka popo lazima apande juu sana, na hapo ndipo kadi inapolia: kwa kilohezi 48 saa moja inakula kama megabaiti 346, kwa 384 saa hiyohiyo inakula karibu gigabaiti 2.8. Sisi tunarekodi saa tatu kila alfajiri kwa 48. Hiyo ni gigabaiti moja na ushee kwa siku, kadi ya 32 inakwenda kama mwezi. Programu yenyewe inakupigia hesabu hiyo kabla hujakichomoa, pamoja na makadirio ya betri. Huhitaji kalamu.

Sasa saa. Hapa naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo tulipopoteza wiki mbili nzima.

Kifaa hiki kikiachwa kama kilivyotoka kinafuata saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Na sisi wenyewe, kama kila mtu anavyojua, hatuhesabu kama redio ya kimataifa: jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Nilituma ujumbe kwa wenzangu, nakumbuka maneno yenyewe: "Wote turekodi saa 12 hadi saa 3 asubuhi." Mwalimu wa Kondoa, mtu makini kuliko sisi wote, akaandika 12:00 hadi 15:00. Kifaa kikatii. Saa 12:00 ya UTC kwa Kondoa ni saa tisa alasiri. Kwa wiki mbili, kila siku kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, tulirekodi upepo, ng'ombe wakirudi, na mtoto mmoja aliyekuwa akijifunza kuendesha baiskeli bila breki. Kilichotakiwa ni kuandika 03:00 hadi 06:00. Tangu hapo kila kifaa chetu kina kikaratasi kimebandikwa kwa soltepu: "SAA 12 ASUBUHI = 03:00". Na jina la kila faili ni tarehe na saa, kwa hiyo ukikosea hapo mwanzo, kosa linakufuata hadi kwenye daftari.

Jingine la saa: ukitoa betri, inapotea. Lazima uiweke upya kabla kifaa hakijafanya kazi uliyokiagiza. Kubeba kompyuta porini kwa ajili hiyo ni balaa, lakini kuna programu ya simu inayopiga mlio fulani, kama kandege kadogo ka plastiki, kifaa kinausikia na kujirekebisha saa. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikisamehe mengi.

Kadi. Nilinunua kadi nne za gigabaiti 64 kwenye duka moja hapa mjini, bei ya kutabasamu. Tatu zilikuwa na gigabaiti nane, na jina la 64 limechapishwa juu. Uovu wa kadi hizi ni kwamba haziambii ukweli: zinapokea, zinapokea, na faili linaonekana lina ukubwa wake wote, ukilifungua ni kimya. Mfugaji nyuki alisafiri na bodaboda kutoka kijijini hadi Itigi mjini, kisha basi hadi Dodoma, kuniletea kimya cha wiki tatu. Nilipomweleza hakukasirika, alitazama chini tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku hizi hakuna kadi inayotoka studio kabla sijaipima kwa programu ya bure iitwayo H2testw, inayoijaza hadi mwisho na kuisoma tena. Inachukua muda. Iache usiku.

Na betri zile za bei ya chini kabisa usiziguse. Joto la hapa mwezi wa kumi linazifanya zitoe majimaji.

Kwenye upepo ndipo ufundi wangu ulipoaibika. Dodoma na upepo ni ndugu. Kifaa cha kwanza tulikitia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kama wanavyofanya wengi wasio na hela ya kasha lake, tukakifunga kwenye mbuyu. Kilichorudi ni mtu anakula bisi kwa saa tatu. Mfuko ukilegea hata kidogo, upepo unaupapasa na maiki iko ndani ya mfuko huohuo. Dawa ni kuuvuta ukaze kama ngozi ya ngoma juu ya kitobo cha maiki, kukifunga upande wa mti usioelekea mashariki unakotoka upepo, na kamba iwe ya mpira wa baiskeli, si katani, maana katani inalia. Kasha maalumu lipo, linazuia maji, na kama unaanza na hela ya mradi nunua pamoja. Sisi tuna makasha mawili kwa vifaa vinne na yanazunguka kama kitabu cha maktaba.

Lakini mimi nilitaka kuumaliza upepo kwa njia ya studio. Mtu yeyote anayerekodi kwaya anajua: upepo, ngurumo za gari barabarani, mtu anayepiga mguu jukwaani, vyote viko chini kwenye besi. Unakata chini, sauti inakuwa safi kama maji ya chupa. Programu ya AudioMoth ina sehemu ya kuchuja, nikaweka kila kilicho chini ya hezi 500 kipunguzwe. Nikapeleka kifaa Manyoni, Mzee akakifunga kwenye mti aliouchagua mwenyewe kwenye ardhi ya kijiji, kikakaa wiki tatu. Sauti zilizorudi zilikuwa nzuri ajabu. Njiwa, kwezi, kanga, hondohondo, kila mmoja kwenye mstari wake. Niliwachezea watu wa kwaya yangu, wakasema hiyo studio ya huko iko wapi.

Wiki zilezile, wakati wa likizo ya mwezi wa kumi na mbili, mwalimu wa Kondoa alikwenda Manyoni kwa ndugu zake akiwa na kifaa chake, akakifunga hatua kama mia mbili kutoka kwenye mti uleule. Yeye hakuchuja chochote, kwa sababu hakujua kama kuna kuchuja. Kadi yake ilipofika mezani nilisikiliza dakika tano nikakunja uso: ngurumo, mvumo, uchafu mtupu. Mzee alikuwa mjini siku hiyo kwa mambo ya pensheni, amekaa kwenye kiti cha wapiga kinanda, nikamvalisha hedifoni kubwa za kwaya ili asichoke kusubiri.

Alifumba macho. Baada ya muda akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Hapo, kabla ya jogoo."

Mimi nilikuwa nasikia lori mbali. Kwenye spektogramu, ile picha ya sauti kwenye kioo, palikuwa na vidoa vizito chini kabisa, karibu na sakafu, vikienda vitatu vitatu, kisha vikajibiwa na vingine.

"Mumbi," akasema, bado amefumba macho. "Wawili. Mmoja anauliza, mwenzake anajibu." Kisha akatoa hedifoni. "Wageni walikuwa wakisikia hii alfajiri wanafunga zipu za hema, wanadhani ni simba. Upande ule sijamsikia tangu barabara haijawekwa lami."

Kwa asiyemjua, mumbi ni yule ndege mkubwa mweusi mwenye mashavu mekundu, anayetembea chini kama mzee wa kanisa. Yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na anazaa polepole sana, kundi zima mara nyingi linalea kifaranga mmoja tu. Sauti yake inafika kilomita kadhaa, na yote iko chini, kwenye besi. Nikarudi kwenye rekodi zangu safi, zile za kusifiwa. Alfajiri zilezile, mahali palepale. Nikavuta sauti hadi mwisho. Hakuna. Nilikuwa nimemsafisha mumbi pamoja na upepo.

Kwa hiyo nasema kwa herufi kubwa kwa kila fundi mwenzangu anayefikiria kazi hizi: USICHUJE WAKATI WA KUREKODI. Chukua vyote, na uchafu wake. Kuchuja utachuja mezani, ukiwa na nakala ya asili pembeni. Kwaya unaweza kuiambia irudie ubeti wa pili. Mumbi humwambii kitu. Na tembo ndiyo usiseme, wao sehemu ya mazungumzo yao iko chini hata ya pale sikio letu linapokoma.

Siku hiyo ndiyo tuliyokaa tukakubaliana mipangilio ya pamoja, ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono na mama wa Hombolo kwenye kaunta buku: kilohezi 48, hakuna kuchuja, kimo cha kifua cha mtu mzima, saa ileile, na jina la mahali liandikwe namna moja. Unaona ni mambo madogo. Lakini bila ukurasa ule, rekodi za Kondoa na za Manyoni ni kama kanda mbili za kwaya zilizopigwa kwa funguo tofauti, huwezi kuziweka pamoja ukasema huku ndege wamepungua na kule wameongezeka. Laiti tungekuwa nao tangu mwezi wa kwanza.

Halafu kuna programu za kutambua. Nani asikilize saa tisini za kila mwezi kwa kila kifaa? Tunatumia BirdNET, ya bure, iliyotengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani. Inakata rekodi vipande vya sekunde tatu tatu, na kwa kila kipande inakuambia inadhani ni ndege gani na ina uhakika kiasi gani, kati ya aina zaidi ya 6,000. Mara ya kwanza nilisahau kuiambia tuko wapi duniani, ikanipa ndege wa theluji kwenye shamba la zabibu. Kosa langu. Ukiipa mahali na wiki ya mwaka inatulia.

Inachohitaji ni mtu wa kuihakiki. Mashine hizi zimejifunza kwa rekodi ambazo watu wamezitoa kwenye maktaba za sauti kama xeno-canto, iliyoanza mwaka 2005, na ndege aliyerekodiwa mara nyingi wanamjua kuliko aliyerekodiwa mara chache. Ndege wa Ulaya wana watu na maiki kila kichaka. Sisi hapa katikati ya nchi tuna ndege ambao asili yao ni Tanzania peke yake, kama yule kasuku mdogo mwenye kola ya njano anayekaa kwenye mashimo ya mibuyu. Tuna vichaka vya Itigi, vile vinene ambavyo mtu hapiti bila panga na vinavyojulikana kwa wataalamu wa mimea duniani kote, na ni nani aliyekaa mle na maiki alfajiri? Mfugaji nyuki wetu. Ana kila sababu ya kuwa mle, ana mizinga. Tunachopakia kwenye maktaba ya dunia kinaifundisha mashine, na kesho mashine inatusaidia sisi. Hiyo biashara naielewa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "ninunue ngapi?", ninamuuliza kwanza yuko na nani. Nimeona ofisi moja, siisemi ya wapi, ina vifaa kumi vya namna hii kabatini, bado kwenye makaratasi yake, mradi umekwisha. Pembeni kuna diski yenye rekodi za mwaka mzima ambazo hakuna sikio lililozisikiliza. Sisi tuna vinne na Mzee, na nisingebadilishana nao.

Na masikio ya namna hiyo yapo, tatizo hayana vyeo. Mama wa Hombolo anawajua ndege kwa Kigogo, na majina mengi ya Kigogo ni milio yenyewe, ukilitaja jina umekwisha kumwiga. Mwalimu anakusanya ya Kirangi. Kuna bibi mmoja wa upande wa Chemba alitupa majina kwa Kisandawe, lugha yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni, na tulipojaribu kuyaandika tukashindwa. Tukamrekodi bibi mwenyewe kwa AudioMoth, kwa ruhusa yake, anataja jina kisha analia kama ndege. Ile ndiyo rekodi bora kuliko zote tulizo nazo. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko nyimbo zangu.

Wenzetu wengine wako mbele. Nyeri, Kenya, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wamejiundia vinasa sauti vyao kwa kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Magharibi mwa nchi yetu, kwenye Bonde la Issa, watafiti wamekuwa wakiwasikiliza sokwe kwa vifaa vilivyofungwa mitini. Kijana wetu anaota siku ambayo mtu wa Nyeri, wa Issa, wa Itigi na wa Kondoa wataweka rekodi zao pamoja kwa mipangilio inayofanana. Mimi ninaota intaneti ya bei nafuu. Kwa sasa rekodi zetu zinasafiri kwa basi: kadi ndani ya bahasha, bahasha mkononi mwa kondakta, namba ya simu juu yake, elfu mbili. Haijapotea hata moja. Kwa gigabaiti thelathini, kondakta wa Kondoa ana kasi kuliko bando lolote nililowahi kununua.

Mambo mawili ambayo kijitabu cha kifaa hakikuambii vya kutosha.

Kwanza, vibali. Sisi tunafunga vifaa kwenye mashamba yetu, uwanja wa shule na ardhi ya kijiji, na kila mahali tumepita kwa mwenyekiti wa kijiji na barua mkononi. Ukitaka kuingia kwenye pori la akiba au hifadhi, iwe Swagaswaga, Mkungunero au Muhesi, huo ni utafiti wa wanyamapori na njia yake inapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Usijifiche eti kifaa ni kidogo. Kijisanduku chenye kitaa kinachowaka porini, askari akikikuta, maelezo yako hayatakuwa marefu.

Pili, watu. Kifaa hakichagui. Kimoja tulikifunga mtini karibu na njia ya kwenda kisimani, na kadi iliporudi tulikuta ndege wazuri sana na, katikati yao, kina mama wawili wakizungumza juu ya shemeji yao mambo ambayo shemeji huyo asingependa tuyajue. Mwalimu alizima palepale. Tulifuta siku ile yote, tukahamisha kifaa, na kijana wetu akatukumbusha kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, si suala la aibu peke yake. Sasa kila mfuko una maandishi ya kalamu nzito: "Hiki kinasikiliza ndege. Kinasikia na watu." Watoto wanasimama mbele yake kuimba, hilo tumelikubali. Mmoja ana sauti, nimemwambia mama yake amlete studio.

Swali ninaloulizwa zaidi vijijini ni la kwelea kwelea. Wakulima wa uwele na mtama wanataka kujua kama kifaa kitawaambia wanakuja. Hapana. Hakitumi ujumbe wala hakipigi simu, kinaweka sauti kwenye kadi na kukaa kimya mpaka uje kuichukua. Ukisikia kwelea kwenye kadi, mtama umekwisha kuliwa. Nimeona uso wa mzee mmoja ukianguka nilipomjibu hivyo, na sikuwa na la kuongeza.

Kwa ubora wa sauti peke yake: kina mvumo kidogo ukikilinganisha na maiki ya studio, na kwenye alfajiri tulivu unausikia. Kwa ndege haidhuru. Kwa mtu anayetaka kupiga wimbo wa zeze na marimba awaachie mafundi. Kupatikana: dukani hapa Dodoma hutakipata, kinaagizwa mtandaoni, na ushuru uuhesabu mapema. Vyetu viwili vililetwa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka masomoni.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kukosa kioo: ukiwa juu ya mti huna njia ya kujua kadi imebaki na nafasi gani, unatazama vitaa na kuomba Mungu.

Kifaa cha nne tumemwachia Mzee moja kwa moja. Alinipigia juzi usiku, nikadhani kuna tatizo. Akasema mvua ya kwanza imenyesha, vyura wameamka, nikiweke kirekodi na usiku pia, kuanzia saa mbili. Nikamwambia nitamtumia betri kwa basi la asubuhi.

"Sawa," akasema, "ila si zile za mwaka jana."